Akiba hii huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mimi niliyelelewa kwa methali sina ujasiri wa kuwapinga wahenga, ila nasema tu kwamba wao hawakujaaliwa kuziona kanda za vidio. Laiti wangaliziona, hapana shaka wangaliongeza neno. Kanda ya vidio, msomaji, huoza ikiwa imefungwa vizuri ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mwenyewe yuko barazani anakunywa kahawa wala hana habari.

Haya siyasemi kwa kusikia. Nimekaa wiki sita nikiwa mwanagenzi katika chumba kimoja cha ghorofani, Mji wa Kale, Mombasa, nikijifunza kazi ya kuzihamisha kanda hizo ziingie katika kompyuta na kuzihifadhi zisipotee. Mwenye mvi kama mimi kuwa mwanagenzi ni jambo la kuchekesha, na watu walinicheka. Na mwalimu wangu ni nani? Ni binti wa ndugu yangu, ambaye juzi juzi tu nilikuwa nikimnunulia ubuyu. Alikwenda Uingereza kusomea uhifadhi wa nyaraka, na huko akawekwa kwa miezi minane katika hifadhi moja ya picha na sauti, akajifunza kazi hii kwa mikono yake kama afundishwavyo seremala. Alipokuja nyumbani akanunua deki tatu kuukuu, akafungua chumba.

Asubuhi ya kwanza alinipokea mlangoni. "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu." Kisha akanipa kitambaa na chupa ya spiriti, akaniambia, kwa adabu lakini bila ya mzaha, nianze kwa kufuta vumbi, na kanda yoyote nisiiguse mpaka niambiwe.

KANDA YA MWALIMU

Sikwenda kule kwa kutafuta makala. Nilikuwa na haja yangu.

Nyumbani kwetu ilikuwako kanda moja ambayo ubavuni imeandikwa kwa harufi za Kiarabu, mkono wa marehemu baba: "Maulidi, 1989. Isifutwe." Maulidi hayo yalisomwa nyumbani kwetu, na aliyeomba dua ya mwisho alikuwa mwalimu wangu wa chuo, aliyenishika mkono tangu alifu mpaka nikahitimu. Mwalimu yule hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Siku ile alinyamaza, nadhani kwa kumstahi baba. Alifariki mwaka 1996, na mimi sijui kama iko picha yake nyingine au sauti yake nyingine duniani.

Yapata miaka kumi na mitano iliyopita niliipeleka kanda hiyo katika duka moja la mjini ili itiwe kwenye CD. Nilirudishiwa CD ya dakika 40. Nikauliza, dua iko wapi? Kijana wa dukani akanijibu, "Mzee, zaidi ya hapo hakuna kitu. Kanda imekwisha." Nami nikaamini, kwani ni nani awezaye kubishana na mtu kwa jambo asilolijua? Baada ya miaka michache ile CD nayo ikagoma, haisomeki katika mashine yoyote. Nilipoitoa tena kanda yenyewe kabatini, nikaona kupitia kidirisha chake kitu cheupe kama unga wa mchele. Ulikuwa ukungu.

KANDA NI NINI?

Vijana wa leo huenda hawajui kanda ya vidio, na sisi tulioitumia hatukupata kuijua. Kanda za VHS zilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax yao. Katika miaka ya themanini zikaenea mwambao wote. Deki ya kwanza kuingia kwetu ililetwa na ami yangu aliyekuwa akifanya kazi Abu Dhabi, ikabebwa mapajani ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Tangu hapo harusi ikawa si harusi bila vidio, na maulidi na ziara na safari za Hija zikaanza kutunzwa kwa kanda.

Sasa, ndani ya ganda lile jeusi mna utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi. Kanda ya saa tatu ina utepe wa mita 250 na zaidi. Juu ya plastiki hiyo umepakwa unga wa sumaku, na unga huo umeshikizwa kwa gundi. Picha za harusi ya dada yako na sauti ya marehemu babu yako si kitu ila mpangilio wa unga huo. Basi gundi ikifa, na unga hupukutika, na babu naye huenda na unga.

Na gundi hiyo adui yake mkubwa ni unyevu. Huunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, ikavunjika. Hapo tena, msomaji, nadhani umekwisha kuelewa hali yetu, sisi tukaao pwani, ambao hata chumvi mezani hutulowanea.

Maradhi ya pili ni ya mashine. Kanda haisomeki bila deki, na ndani ya deki mna kichwa kinachozunguka mara 1500 kwa dakika, kikiupapasa utepe kwa mshazari. Vichwa hivyo huchakaa. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha kuziunda mwezi wa Julai 2016. Tangu siku hiyo kila deki inayokufa inakufa moja kwa moja, haizaliwi nyingine. Ndiyo maana yule binti deki moja haiwashi kabisa. Ameiweka ili aichinje vipuri vyake kuziponya zile mbili.

Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 hivi, sehemu nyingi za dunia hazitakuwa tena na uwezo wa kuzihamisha kanda zao. Msomaji na atazame kalenda yake.

KAZI YENYEWE

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kutofanya kitu. Kanda yenye ukungu haitiwi katika deki kabisa. Ukiitia, ukungu hushika kile kichwa, na kanda njema utakayoitia baada yake nayo huambukizwa. Yangu ilifungiwa siku nane ndani ya chombo chenye vijifuko vya kukausha unyevu, vile viwekwavyo ndani ya masanduku ya viatu vipya, mpaka ukungu ukakauka.

Kisha tukavaa vitambaa vya pua na glavu, tukatoka darini penye upepo, mbali na kanda nyingine. Ganda hufungwa kwa skurubu tano. Tulilifungua, tukauondoa ukungu kwa brashi laini na kwa mashine ya kuvuta vumbi, kisha tukaupitisha utepe polepole juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichotiwa spiriti. Mita 250 hizo, kwa mkono! Nilipotaka kuharakisha niliambiwa, "Ami, huu si mkeka. Ukiuvuta unarefuka, na ukirefuka haurudi."

Baada ya hapo utepe huwekwa katika ganda jipya, na ndipo deki huwashwa. Hapa nilidhani kazi imekwisha, kumbe inaanza. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, haina njia ya mkato. Nawe hukai ukalala, bali hutazama na kusikiliza, ukiandika dakika gani picha imekatika na dakika gani mstari mweupe umepita, ambao ni alama ya mahali unga ulipopukutika.

Kutoka katika deki picha haiendi moja kwa moja kwenye kompyuta. Hupita kwanza katika chombo cha kurekebisha mwendo. Utepe mzee hutetereka, na kila picha ni mistari 625, basi mistari hiyo hutoka mmoja umewahi na mwingine umechelewa. Chombo hicho huishika, huipanga, kisha huiachilia kwa wakati wake, mfano wa mwalimu anaposimama mbele ya watoto wa chuo wanaotoka kwa kusukumana, akawapanga safu. Bila ya chombo hicho kompyuta huchanganyikiwa na kuzitupa picha nyingine. Nikawaza juu ya lile duka langu la zamani, na waya wao mmoja uliotoka kwenye deki ukaingia kwenye kompyuta.

Na uzito wake je? Saa moja ya vidio isiyobanwa hukaribia gigabaiti 100. Kwa hivyo hutumika mfumo uitwao FFV1, ambao hauna mwenyewe wala haulipiwi, nao hupunguza uzito huo kufikia nusu au chini yake bila ya kupoteza hata nukta moja. Faili hiyo kubwa ndiyo asili mpya. Ile ndogo ya kutazama kwenye simu ni nakala ya nakala, na ikipotea si msiba.

MUKABALA

Palikuwa na somo moja ambalo mwalimu wangu mdogo alidhani litanishinda, nami nikalipokea kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Faili ikishahamishwa, kompyuta huifanyia hesabu, ikatoa mstari wa alama 32, harufi na tarakimu. Ibadilike nukta moja tu katika faili ile, na mstari wote hubadilika. Basi kila ukiinakili faili kwenda diski nyingine, unaifanyia hesabu upya, ukalinganisha mstari na mstari. Ukilingana, nakala ni sahihi. Usipolingana, nakala itupwe.

Nikamwambia, "Mwanangu, jambo hili sisi tunalo tangu kale." Wanakili wa vitabu vyetu hawakuwa wakimaliza kunakili kisha wakaondoka. Walikuwa wakikaa wawili, mmoja akisoma asili na mwingine akifuata katika nakala, mpaka wakithibitisha ndipo hutia alama kwamba kitabu kimekabilishwa. Hiyo ndiyo mukabala. Na chuoni hatukuwa tukipokea aya kwa kuiona tu ubaoni, bali tuliisoma mbele ya mwalimu, naye aliisoma mbele ya mwalimu wake.

Watu husema mambo yetu ya kale yalihifadhika kwa karatasi. Si kweli. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na ambao wataalamu huutaja kwa mwaka 1728, haukutufikia kwa uzuri wa karatasi, kwani karatasi huliwa na mchwa. Ulitufikia kwa sababu walikuwako watu wa kunakili, mkono kwa mkono, kizazi kwa kizazi. Na katika zama hizi miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilinakiliwa kwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kanda nayo haitaki zaidi ya hayo. Inataka mnakili.

Wala tusidhani kwamba uzembe ni wetu peke yetu. Wamarekani walifika mwezini mwaka 1969, na mwaka 2009 shirika lao la NASA likakiri kwamba kanda za asili zilizonasa picha zile kutoka mwezini yamkini zilifutwa zikatumiwa tena.

KANDA YA WANAWAKE

Wiki ya tatu alikuja mama mmoja na kifurushi kilichofungwa ndani ya leso. Ndani mna kanda ya harusi yake, ya mwaka 1991. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii ni ya wanawake."

Yule binti akanigeukia. "Ami, leo utakaa barazani."

Nikakaa barazani siku mbili. Sikuudhika kwa kutolewa, maana ndiyo sheria na ndiyo heshima. Lililonikera lilikuwa jingine. Nilikuwa nasikia, kupitia mlangoni, vugo likigongwa na nyimbo zikipokezanwa ambazo sijazisikia tangu nilipokuwa mtoto wa kuingia kwa wanawake na kutoka. Mimi ni mtunzi wa mashairi. Nilizijua tungo zile kuwa ni mali. Jioni nikamwambia binti, kanda kama hii haifai kurudi uvunguni, iwekwe nakala katika hifadhi, watafiti waje kusoma, hii ni historia.

Akaniuliza, "Historia ya nani, ami?"

Akanieleza neno ambalo nimekuwa nikilifikiri tangu siku ile. Wanawake walio katika kanda ile walivua mabuibui yao wakacheza kwa sababu waliijua kamera, aliyeishika alikuwa mwanamke mwenzao, na waliijua kanda, ni moja, itakaa nyumba fulani, na mtu akitaka kuitazama sharti abishe hodi. Kwa hayo ndiyo waliridhia. Hawakuridhia faili. Kanda hutembea kwa miguu, lakini faili huruka. Ikiingia katika simu moja tu, kabla ya Isha iko katika simu elfu, na hapana tena wa kuirudisha. Na baadhi ya wanawake hao wamekwisha kufariki, basi nani atakayewaomba ruhusa?

Mimi nikawa sina jawabu. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba kuhifadhi ni kuzuia kitu kisipotee. Sikuwa nimefikiri kwamba kitu chaweza pia kupotea kwa kuenea.

Basi mama alipewa faili yake katika diski moja yenye neno la siri, na chumbani hapakubaki kitu. Nami nikanyamaza. Baada ya wiki mbili akamtuma mjukuu wake na ujumbe: amezungumza na dada zake, nao wamekubali nyimbo ziwekwe, sauti bila ya sura. Sura ni zao wenyewe. Nadhani hukumu hiyo ingewapendeza makadhi wengi.

DAKIKA YA AROBAINI NA MOJA

Zamu ya kanda yangu ilifika wiki ya tano. Picha ikatokea, imefifia, yenye theluji theluji. Nikamwona baba akikaribisha wageni. Nikawaona watu kumi na zaidi ambao leo wote wako makaburini. Ilipofika dakika ya 40 picha ikaanza kuyumba, ikapasuka, kioo kikawa buluu. Nikasema moyoni, yule kijana hakunidanganya.

Binti akausimamisha utepe, akaufungua, akauangalia kwa taa. Ukingo wa chini ulikuwa umekunjwakunjwa mfano wa ukili, na mikunjo hiyo aghalabu hutokana na deki mbovu. Hapo akanifundisha somo la mwisho. Utepe umegawanywa safu tatu. Katikati ni picha. Ukingo wa chini huandikwa alama za mwendo, ndizo zinazoiambia mashine kila picha ianzie wapi. Na ukingo wa juu, peke yake, huandikwa sauti. Ukingo wa chini ukiharibika, mashine hupotea njia na picha humwagika, lakini ukingo wa juu waweza kuwa mzima.

Deki ya kwanza ilikuwa na tabia ya kukata kila kitu inapopotea. Tukaihamisha kanda katika ya pili, ambayo haina tabia hiyo. Kioo kikabaki machafuko matupu. Na katikati ya machafuko yale, kwa sauti iliyoyumba kidogo, mwalimu wangu akaanza kumhimidi Mola.

Dua ilikuwa dakika kumi na moja. Aliwataja mashekhe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kisha akawaombea wanafunzi wake, waliohudhuria na wasiohudhuria. Mimi mwaka ule nilikuwa Nairobi, sikuhudhuria. Nikaitikia amina, baada ya miaka thelathini na zaidi. Binti wa ndugu yangu alikuwa akiandika katika daftari lake kama kawaida: dakika ya 41, hakuna picha, sauti inafaa.

USIA

Basi wewe mwenye kanda nyumbani, nakuusia haya machache. Zitoe kabatini leo uzitazame. Zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika, kwani spika ina sumaku. Nyuma ya kila kanda mna kijipande kidogo cha plastiki. Kivunje, na hapana mtu atakayeweza kurekodi juu yake kwa kukosea. Ukiona ukungu, usiitie katika deki. Ukiipeleka kuhamishwa, uliza maswali, na ukirudishiwa usiitupe asili hata ukiambiwa imekwisha. Mimi ningeitupa ningekuwa sina kitu. Weka nakala tatu, na moja iwe nyumba nyingine. Na kabla ya yote, mkalishe mzee wenu mbele ya picha akutajie majina: huyu nani, huyu nani, mwaka gani. Faili isiyo na majina ni kaburi lisilo na mwashirio.

Na zile za sitara, waulizeni wenyewe kwanza. Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Alonena wa zamani, akiba haitaoza,
Hakuona kabatini, kanda ukungu wajaza,
Nakilini majumbani, kabla halijawa giza,
Zenye sitara sirini, amana si ya kuuza.